Alituzika Wapi

Kakamega
20 Januari 2025

Baba mpendwa,

Jumapili nilikupigia simu, ukaipokea ukasema, "Sawa, sawa, asante," ukakata. Mama ameniambia ulidhani ni wale watu wa mbolea. Basi simu tuiache. Masikio yako yamechoka lakini macho yako bado yanashinda yangu, kwa hiyo nitakuandikia. Mwalimu Eugene anakuja kwao Mayoni kila mwisho wa mwezi, atakuwa akinibebea barua.

Habari yenyewe ni nzuri. Chuo kimeanza mpango wa kuwaunganisha wanafunzi wa biashara wa mwaka wa tatu na watu wanaofanya biashara kweli. Kila mmoja wetu anapewa mlezi wa kumfundisha yale ambayo hayako darasani. Mimi nimepewa Madam Priscah, yule mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi na malori. Wenzangu hawakuficha wivu wao.

Jana alinipeleka kwenye mkutano wa wafanyabiashara hotelini. Tulipofika mlangoni alinisimamisha, akanikagua kola na viatu kama Mama alivyokuwa akitukagua kabla ya kanisa. Akaniambia, "Usile ukashiba. Mtu aliyekuja kujuana na watu hashibi. Glasi ishike kwa mkono wa kushoto ili wa kulia usiwe na maji. Na ukisalimiana na mtu, taja jina lake kabla hujamwachilia mkono."

Nilifanya yote. Nilimsalimia meneja wa benki, mkandarasi wa barabara, mama mwenye shule. Kila mmoja aliniuliza mimi ni nani, na kabla sijajibu Madam alisema, "Ni msichana wangu." Baba, sijawahi kupita katikati ya watu wakubwa bila kuogopa. Jana nilipita.

Nilirudi na njaa, nikasonga ugali nikala peke yangu nikicheka. Msalimie Mama.

Mwanao,
Maurine Muhonja

*

Mayoni
9 Februari 2025

Muhonja mwanangu,

Barua yako nimeisoma mpaka mama yako anasema nitaitoboa. Sisi tuko wazima. Miwa iko tayari, lakini malori ya kuibeba yanachelewanga, inakauka tukiiangalia hivi.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mimi nilifanya kazi kiwandani upande wa mitambo mpaka masikio yakaisha, na hakuna mkubwa hata mmoja aliyejua jina langu. Waliniitanga "wewe wa boila." Leo msichana wangu anashikwa mkono na meneja wa benki! Nimemwambia kila mtu hapa sokoni, hata wale ambao hawakuuliza.

Sasa nina ombi. Ndugu yako Bravin ana leseni ya kuendesha gari lakini ameiweka tu kama picha ya ukutani. Mke wake Mitchel ana mimba. Vijana wa rika la Bravin wanapakia miwa, na yeye anaona aibu kupakia na anaona aibu kukaa. Huyo Madam ana malori. Kama anakuita msichana wake, si unaweza kumtajia kwamba msichana wake ana kaka? Usilazimishe. Gusia tu.

Ni mimi baba yako,
Titus Makhanu

*

Kwa barua pepe
17 Machi 2025

Maurine mpenzi,

Hukuhitaji kuzunguka namna ile kuhusu kaka yako. Ukitaka kitu kwangu, sema. Bravin aripoti Jumatatu. Simpi lori. Ataendesha gari langu mimi mwenyewe, maana sipendi kuendeshwa na mtu nisiyejua kwao. Sasa nyinyi ni watu wa nyumba yangu.

Jambo la pili. Nasikia umepata nafasi ya mafunzo ya kazini kwenye benki, Kisumu. Nimesikia kutoka kwa meneja wala si kwako, na hilo limeniuma kidogo. Kisumu utakuwa nani? Mmoja wa wanafunzi wengi wanaopeleka chai. Hapa uko kando yangu. Nimeshazungumza na mkuu wa idara yenu, utafanyia mafunzo ofisini kwangu. Watu wa Kisumu nimewaambia umebadili nia. Usiwe na wasiwasi, wamenielewa.

Kesho vaa lile gauni la bluu, si lile la maua. Tuna wageni.

Mlezi wako,
Priscah

*

Kakamega
27 Aprili 2025

Baba mpendwa,

Umeuliza kama nimemshukuru Madam kwa ajili ya Bravin. Nimemshukuru. Namshukuru kila siku, imekuwa kama kusalimiana.

Ile habari ya Kisumu niliyomwambia Mama, msiingoje tena. Nimeamua kufanyia mafunzo hapa hapa kwa Madam. Ni bora hivyo, niko karibu na chuo.

Kazi yenyewe si ngumu. Namwandikia hotuba, napanga nani aketi karibu na nani, nakumbuka majina ya wake za watu na shule wanazosoma watoto wao. Jumamosi ni hafla, Jumapili baada ya kanisa ni hafla. Juzi nilikutana na yule mkandarasi mjini nikiwa peke yangu. Nikamuuliza kama kampuni yake huajiri wanafunzi wakimaliza masomo. Akacheka, tena kwa wema, akasema, "Wewe si ni wa Priscah? Siwezi kumnyang'anya." Mama mwenye shule naye alinijibu maneno yale yale. Mji mzima unanijua sasa, Baba, na hakuna anayenijua ila kupitia kwake.

Sijui kwa nini nakuandikia haya. Mitihani iko karibu, nimechoka tu.

Bravin amependeza na shati jeupe. Tukiwa garini yeye anaendesha, mimi niko nyuma na Madam, na tunasalimiana kama watu wasiojuana. Madam anataka iwe hivyo tukiwa kazini.

Mwanao,
Muhonja

*

Kwa barua pepe
13 Mei 2025

Madam,

Nimesoma hotuba ya hafla ya wafadhili baada ya wewe kuongeza sehemu yako. Nadhani kuna kosa pale unaposema nilifiwa na baba na mama nikiwa bado shule ya msingi. Wazazi wangu wote wako hai, Madam. Hata Bravin anaweza kukuambia. Nimeitia alama sehemu hiyo ili iondolewe.

Wako kwa heshima,
Maurine

*

Kwa barua pepe
14 Mei 2025

Maurine mpenzi,

Si kosa. Hawa wageni wanatoka mbali na wana muda mfupi wa kuguswa. Msichana ambaye baba yake ana shamba la miwa hawamwelewi. Yatima wanamwelewa mara moja. Chakula hiki kimoja kitasomesha wasichana wengi, na wengine wao ni mayatima kweli, hawana hata godoro. Unataka niende niwaambie kwamba tulikosa kwa sababu ya sentensi moja?

Wewe hutasema chochote. Utasimama tu karibu nami. Kama ni uongo, utakuwa uongo wangu.

Bravin anaendelea vizuri sana. Ningependa aendelee.

Priscah

*

Mayoni
1 Juni 2025

Muhonja mama,

Ulishtuka! Nilikuona ulivyoshtuka uliponiona pale meza ya nyuma kwenye hafla ya Madam. Ilikuwa mpango wa Bravin. Alisema akishamfikisha Madam ana nafasi ya kuja kunichukua, watu ni wengi, hakuna atakayeuliza mzee huyu ni wa nani. Nilivaa koti langu la kanisa. Mama yako alikataa kuja, alisema atamwaga chai mbele ya wageni.

Mimi sikusikia kitu. Vile vipaza sauti vilinguruma tu kama boila. Lakini niliona. Niliona Madam amekushika bega. Niliona watu wameacha vijiko, wamenyamaza wote. Mgeni mmoja mwanamke karibu na mimi alikuwa analia machozi kabisa. Nikampa kitambaa changu, nikamwonyesha kwa kidole kwamba yule pale ni wangu. Sijui kama alielewa. Alinishika mkono. Halafu wote wakasimama kupiga makofi na mimi nikasimama, nikapiga mpaka mikono ikawaka moto.

Nikuulize kitu. Madam alisema nini hasa? Bravin nilimuuliza njiani akasema hakusikia, na masikio yake ni mazima. Na wewe uliangalia chini tu. Mtu akisifiwa anainua uso.

Niandikie yote aliyosema, nimsomee mama yako.

Baba yako,
Makhanu

*

Kakamega
8 Juni 2025

Baba mpendwa,

Madam alisema nina bidii, nimetoka mbali, na wasichana kama mimi wakishikwa mkono wanaweza kufika. Ni hayo tu. Niliangalia chini kwa sababu ya taa, zilikuwa kali. Nisamehe kwa kutokuja mezani kwako, nilihitajika mbele.

Koti lilikupendeza.

Muhonja

*

Kakamega
6 Julai 2025

Baba,

Mwalimu Eugene amerudi mikono mitupu. Anasema alikukuta umekaa nje, ukamwambia huna barua. Mama naye hapokei simu. Kama kuna mgonjwa, niambieni. Kama ni jambo jingine, tafadhali niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Muhonja

*

Mayoni
20 Julai 2025

Muhonja,

Rosebella wa duka la simu aliniita sokoni. Alikuwa na video ya ile siku kwenye simu yake, alidhani nitafurahi kukuona. Yeye alikuwa ameona mwanzo tu. Wale watu wa Madam wameandika maneno chini ya picha, kila anachosema, ili hata mtu kama mimi asome. Nikasoma. "Msichana huyu alimzika baba yake, na kabla kaburi halijakauka akamzika mama." Halafu picha inageuka kwa wageni, na mimi niko pale. Nimesimama, napiga makofi.

Rosebella alizima simu, akaanza kupanga vitu vyake ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Wengi wameshaiona. Dada ya mama yako wa Mumias alipiga simu akilia, akitaka kujua kama ni kweli. Vijana wa bodaboda wananiambia, "Mzee, umefufuka lini?" Nacheka nao. Sijui kufanya kitu kingine.

Nilimwambia mama yako mimi mwenyewe, ili asisikie kwa watu. Hakulia. Aliendelea kuchambua mboga mpaka akamaliza. Kisha akauliza neno moja tu. "Alituzika wapi?" Akaingia ndani. Tangu siku ile hajataja jina lako, ingawa picha yako hajaitoa ukutani.

Sikuulizi kwa nini Madam alisema hivyo. Yeye hanijui. Nakuuliza wewe. Nilikuuliza kwa kalamu alisema nini, na ukanijibu habari ya taa.

Makhanu

*

Kakamega
24 Julai 2025

Baba,

Nilijua. Nilijua kabla ya ile siku. Nilimwandikia Madam kwamba mko hai, akanijibu kwamba neno lile litasomesha wasichana wengi, na mwisho wa barua akataja jina la Bravin. Hakusema atamfukuza. Alisema tu angependa aendelee. Nikanyamaza. Nilijiambia hamtajua kamwe. Halafu nikainua macho nikakuona pale nyuma na koti lako, unanitabasamia. Madam alikuwa amefika kwenye kaburi.

Jana nilienda ofisini kwake nikamwomba aitoe ile video. Hakupaza sauti. Hapazi sauti hata siku moja. Alinimiminia chai akasema, "Maurine, nikiitoa leo wafadhili watauliza kwa nini, na jina litakaloharibika ni lako. Wewe ndiye uliyesimama pale." Kisha akaniambia mwezi wa tisa kuna hafla kubwa zaidi, Nairobi. "Safari hii utasema mwenyewe, kwa mdomo wako. Watu wanachoka kunisikia mimi." Nikamwambia sitaweza. Akasema, "Ripoti ya mafunzo yako naandika mimi. Utaweza."

Nikitoka, Bravin anafukuzwa, na mtoto wake mchanga hata kitovu hakijaanguka. Nikibaki, nitapanda jukwaani niwazike kwa sauti yangu. Nimekaa kitandani nikiwahesabu watu wote niliosalimiana nao tangu Januari, wale ambao nilitaja majina yao kabla ya kuwaachilia mikono, nikitafuta hata mmoja wa kumkimbilia. Hakuna ambaye hatampigia Madam kwanza.

Mwambie Mama kwamba hakuna mahali. Hakukuwa na mahali. Mwambie nimeona aibu kuandika jina langu hapa chini.

M.

*

Mayoni
28 Julai 2025

Kwa Madam Priscah,

Salamu kwako na kwa watu wa nyumba yako. Mimi ni Titus Makhanu, baba ya Maurine Muhonja na Bravin. Hatujawahi kuongea, lakini nilikula chakula chako siku ya wafadhili, meza ya nyuma, na kilikuwa kizuri. Asante.

Sijakuandikia kwa ugomvi. Umewasaidia watoto wangu wawili na siwezi kukana hilo. Lakini ulisema mbele ya watu kwamba nimekufa na mke wangu amekufa. Kwetu mtu hatangazwi hivyo akiwa bado anakula obusuma, ugali wake. Hata mtu unayemchukia humfanyii. Na wewe hukutuchukia, hukutujua tu.

Naomba hiyo video uitoe. Pia naomba umwachilie Muhonja. Haendi Nairobi. Nimemkataza mimi, kwa hivyo kama kuna hasira, ilete kwangu, barabara ya kuja Mayoni unaijua.

Kuhusu Bravin, mimi ndiye niliyetaka apate kazi. Niliomba kupitia kwa msichana, na kwa kufanya hivyo nilimfunga kamba bila kujua. Sasa naifungua. Kazi ya Bravin iwe kati yako na Bravin. Kama anaendesha vizuri, mweke. Kama hutaki kumwona, mrudishe. Nyumba iko.

Unakaribishwa kwetu. Mke wangu atakuchinjia ingokho, kuku wa heshima, kama mgeni yeyote. Utamwona kwa macho yako, na kuna swali lake utamjibu.

Ni mimi,
Titus Makhanu

*

Mautuma
14 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Nimekuwa nikikuandikia kichwani tangu nilipoondoka nyumbani, ila sikutaka kuandika kabla ya kuwa na jambo la uhakika.

Kuna yale ambayo sikuyasema nilipokuja, maana ningepaza sauti ili usikie, na Bravin pale nje angesikia. Barua yako Madam aliisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Aliisoma polepole. Akaikunja akasema, "Baba yako ana mwandiko mzuri," akaniambia naweza kwenda. Nilifika mlangoni ndipo akamwita Bravin alete funguo. Hakumpa hata nafasi ya kuchukua sweta lake garini. Video wameitoa, lakini wewe na mimi tunajua kwamba Mumias na Mayoni wanayo kwenye simu zao.

Ripoti yangu hakuiandika. Idara imesema mafunzo hayahesabiki, niyarudie yote, kwa hiyo wenzangu watavaa majoho mwakani bila mimi. Mlezi mwingine nimeambiwa hakuna. Mkuu wa idara hakuniangalia usoni aliponiambia.

Bravin hataki kuongea nami. Siku ile nyumbani nilipoingia sebuleni alimbeba mtoto akatoka naye nje, na mchana wote alikaa kwenye trekta la watu lililosimama pale nje. Mitchel aliniambia Bravin sasa anapakia miwa na mgongo unamuuma. Mama alinipikia, akaniwekea sahani, lakini hakukaa na mimi mezani. Niliosha vyombo, naye akavifuta kando yangu. Nilishukuru kwa hilo.

Sasa habari ya huku. Mwenzangu wa darasani, Cheptoo, kwao ni Mautuma, akaniambia ushirika wa wakulima wa mahindi wa hapa unatafuta mtu wa kuwasaidia kupata wanunuzi. Hakuna hoteli hapa, Baba, wala wafadhili. Kuna ghala, mizani, na chumba kimoja chenye meza. Sikumwomba mtu anipeleke. Niliandika barua, nikangoja, nikaandika tena, mwishowe nikaja mwenyewe.

Mkuu wa ushirika ni mama mmoja anaitwa Jeruto. Alinikuta nimesimama mlangoni na bahasha yangu. Hakuifungua. Aliniuliza, "Nani amekutuma kwangu?"

Nikasema, "Hakuna."

"Hakuna mtu anayekujua huko Kakamega?"

"Wananijua, lakini hawatakuambia mazuri."

Akasema nianze Jumatatu, kwa majaribio, na kama sifai ataniambia usoni. Kisha akanivutia kiti, akaniuliza kama mtu yeyote anavyomuuliza mgeni, "Na nyumbani je? Baba na mama wako?"

Niliangalia chini, kama siku ile ya hafla. Nikaona uso wake unabadilika, akaanza kusema pole. Nikamshika mkono kabla hajalimaliza neno lile.

"Wako," nikasema. "Wote wawili wako. Baba ni Titus Makhanu, mama ni Nekesa, wanakaa Mayoni."

Nilisema kwa sauti kubwa mno, Baba. Watu waliokuwa wakipima mahindi nje waliacha kupima wakageuka kutuangalia.

Mwanao,
Maurine Muhonja